Alama za Jumanne na Ijumaa

Nilianza kusafishwa damu nikiwa na miaka thelathini na minne. Presha ilikuwa imekula figo zangu polepole, na mimi muda huo wote nikidhani ni uchovu wa kazi. Nilikuwa nachora ramani katika ofisi ya mpima ardhi mjini Ruiru. Mtu analeta shamba la kahawa la marehemu baba yake, sisi tunalikata vipande vya futi hamsini kwa mia, tunaweka barabara katikati, na mimi ndiye ninayechora mistari. Nilipenda mistari inyooke. Mwenzangu wa meza ya pili alikuwa akisema ninapiga rula hata nikikata mkate.

Hospitali ilikuwa Thika. Jumanne na Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa sita. Unapimwa uzito, unaketi kwenye kiti kirefu cha kulaza mgongo, sista anakuchoma sindano mbili kwenye mkono ambao daktari ameutengenezea mshipa, na mashine inaanza kuvuta damu, kuisafisha na kuirudisha. Mkono wenye sindano hauusogezi kwa saa nne. Kwangu ulikuwa wa kushoto. Kwa hiyo nilibaki na mkono mmoja na dari, na dari ile nilimaliza kuisoma wiki ya kwanza.

Wiki ya pili nikaweka mchezo kwenye simu. Ni mchezo wa kujenga treni za mji. Unapewa ramani tupu yenye mto. Vituo vinajitokeza kimoja kimoja: vya duara, vya pembetatu, vya mraba. Unavuta kidole kuviunganisha, na treni inaanza kupita kwenye laini uliyochora. Abiria nao ni vidoa vyenye maumbo hayohayo. Mwenye umbo la pembetatu anataka kushukia kituo chochote cha pembetatu, wa mraba anataka mraba. Abiria wakirundikana kituoni kwa muda mrefu, mchezo umekwisha. Kila anayefika ni alama moja. Hakuna kushinda. Mji utakulemea tu, siku moja au nyingine, na kinachobaki ni kuulizana umesafirisha wangapi kabla haujakulemea.

Kwenye kiti kilichofuata changu, upande wa dirisha, palikuwa na mama wa miaka hamsini na kitu. Alikuwa mpana wa mabega, kitambaa kichwani, soksi za sufu hata siku ya jua. Alikuja na thamosi ndogo ya chai ambayo aliinywa kwa kifuniko, vifuniko viwili basi, kwa sababu sisi wote tulipimiwa maji ya siku. Nilikuwa sijazungumza na mtu mle ndani. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua ni ya nani.

"Unachora nini hapo, kijana? Shamba?"

"Ni treni, Mama. Ni mchezo."

"Treni ya wapi?"

"Ya mji wa ng'ambo."

"Na hawa wadudu?"

"Ni abiria. Wanangoja."

"Wanapanga foleni?"

"Ndiyo. Foleni ikijaa umeanguka."

"Leta nione hiyo foleni."

Nikamnyooshea simu kadiri mkono ulivyofika. Akaitazama kwa muda, midomo ikisogea kama mtu anayehesabu mbuzi. Halafu akasema, "Hapa kwa duara la chini watu wanakufa na wewe unapamba kule juu." Kabla sijajibu, kituo kikajaa na mchezo ukakatika. Mia tatu na kumi na mbili.

Siku hiyohiyo akanifanya nimwekee mchezo ule kwenye simu yake.

Nilikuja kujua kwamba kwa miaka ishirini na miwili alikuwa msimamizi wa kantini katika kiwanda cha vitambaa pale Thika, hadi kiwanda kilipofungwa. Mamia ya watu walikula kwa saa moja. Kengele inalia, wanatoka kwenye mashine wote pamoja, na kengele ya pili, ya kurudi kazini, haichelewi hata dakika. Alisema kupika githeri, mahindi na maharagwe, ya watu mia tano si kazi, kazi ni foleni. Mtu akingoja dakika ishirini anaanza kugombana, na akigombana mmoja, meza nzima inasimama.

Mwanzoni nilimshinda, maana nilikuwa na wiki moja ya mazoezi. Kufika wiki ya tatu aliniacha. Mimi nilikuwa kwenye mia nne na kitu, yeye akaingia mia sita. Ijumaa iliyofuata mia saba na hamsini. Nilimwomba anionyeshe ramani yake ya mwisho, na nilipoiona nilicheka kwa sauti. Ilikuwa imechafuka. Laini zilipindana, nyingine fupi ya vituo vitatu, nyingine inavuka mto inarudi inavuka tena. Mtu angeniletea mchoro kama ule ofisini ningemrudishia.

"Cheka," alisema. "Na alama zako ziko ngapi?"

Tukaanza kulinganisha. Sista mkubwa wa pale alituzoea, alikuwa akipita kupima presha anauliza, "Leo mji wa nani umeanguka?"

Mbinu yangu ilikuwa hii. Nilichora miduara mitatu, kila mmoja na rangi yake, yote ikikutana kwenye kituo kimoja katikati. Ukiitazama unaona kama ua. Nilijua kwa hesabu kwamba treni inayozunguka haipotezi muda kugeuza mwishoni, na kwamba abiria yeyote angeweza kufika popote kwa kubadilisha treni mara moja tu. Yote hayo ni kweli. Lakini kila mara nilianguka mahali palepale: katikati. Watu wa mji mzima walishuka pale kungoja treni nyingine.

"Umewapa mlango mmoja," aliniambia. "Sisi pale kantini tulianza na mlango mmoja. Siku ya kwanza nikaona wanaume wanapitisha sahani dirishani. Nikaenda kwa meneja nikamwambia, toboa ukuta. Akatoboa. Mwaka uliofuata akatoboa mwingine."

Yeye hakuruhusu laini zake zote zikutane pamoja. Ya kwanza na ya pili zilikutana hapa, ya pili na ya tatu kule, ya tatu na ya kwanza upande mwingine wa mto. Abiria walibadilisha treni mara mbili wakati mwingine, lakini hawakurundikana. Pili, hakuwahi kupanga maduara manne mfululizo kwenye laini moja. Maduara ni mengi kuliko vituo vingine, na mtu mvivu anayaunganisha tu yanavyotokea. Halafu treni inajaa watu wote wanaotaka pembetatu, na hakuna pembetatu karibu, basi inapita vituoni imejaa na haichukui mtu. Yeye alichanganya: duara, pembetatu, duara, mraba. "Kama kupakua," alisema. "Huwezi kuweka supu zote mwanzo wa meza."

Jambo la tatu lilinikera kwa mwezi mzima. Kila mwisho wa wiki ya mchezo unapewa treni mpya na nafasi ya kuchagua kitu: laini mpya, behewa la kuongeza, au daraja la kuvuka mto. Mimi nilitumia kila kitu papo hapo. Yeye aliweka treni moja pembeni, haifanyi kazi. Kituo kikianza kujaa ndipo anaidondosha pale, inachukua watu, kisha anaitoa tena.

"Hiyo ni kupoteza, Mama. Treni imelala."

"Haijalala. Imesimama."

Nilibishana naye kwa mahesabu. Nilikuwa na daftari ambamo nilichora miji yake na yangu, na chini nikaandika nani alipata ngapi kwa mbinu ipi. Nilijaribu kuthibitisha kwamba behewa la ziada mapema ni bora kuliko laini ya ziada. Yeye alisema chukua laini kwanza, behewa baadaye, maana laini unaweza kuisogeza na behewa linafuata tu mahali treni ilipo. Tulipima. Miji kumi kila mmoja. Akanipita katika minane. Siku ile nilikasirika kikweli, nikafunga simu nikageukia ukuta, mtu mzima mwenye mke. Aliniacha nikae hivyo. Alipomaliza chai yake akaniuliza kama mvua imefika Ruiru.

Mke wangu ndiye aliyeona kwanza kwamba nimebadilika. Tulikuwa tunaishi Gatong'ora, nyumba ya kupanga yenye ua mdogo nyuma. Aliniambia nikiamka Jumanne siku hizi sivai kama mtu anayeenda kuzikwa.

Kisha ikaja Ijumaa moja ambayo nilikosa adabu. Jumamosi iliyotangulia kulikuwa na ruracio, sherehe ya mahari, ya binamu yangu huko Gatundu. Nilikula nyama, nikanywa soda, nikanywa supu, nikasema ni siku moja. Jumanne nikasingizia kazi, sikwenda. Ijumaa nilipopanda mizani nilikuwa nimeongeza kilo tano na nusu, yote maji. Nilikuwa nahema nikipanda ngazi. Sista alinitazama tu, akaweka mashine ivute mengi kadiri alivyothubutu.

Saa ya tatu nilikuwa nacheza. Nakumbuka mji ulikuwa na mito miwili. Nakumbuka nikifikiri kwamba mwanga umepungua, na nikataka kuuliza kama stima imepotea. Baada ya hapo sikumbuki kitu, hadi miguu yangu ilipokuwa imeinuliwa juu na sista wawili wakiwa juu yangu, mmoja akilitaja jina langu kwa nguvu. Presha ilikuwa imeshuka ghafla. Waliniambia mashine ilikuwa bado haijalia, ilikuwa inangoja muda wake wa kupima. Aliyepiga kelele ni yule mama.

Nilipopata nguvu nilimuuliza alijuaje.

"Nilikuwa naangalia kidole chako."

"Kidole?"

"Kituo cha mraba kilikuwa kinajaa na hukusogeza kidole. Wewe maduara unayasahau, lakini mraba huusahau kamwe. Nikajua hayuko huyu."

Halafu akaanza kunigombeza, na hakuniacha hadi saa sita. Aliniuliza kama ninajua kiti nilichokalia kilikuwa cha nani kabla yangu. Nikasema sijui. Akasema afadhali, na kama nitarudi tena na kilo tano atanitafutia kiti kingine, hataki kukaa karibu na mjinga. Ndipo nikaelewa kwamba alikuwa ameogopa kuliko mimi. Sikukosa siku tena.

Mwaka uliofuata dada yangu alipimwa. Ni mkubwa wangu kwa miaka mitatu, anafundisha shule ya msingi, na anaishi Ngoingwa na familia yake. Sikumwomba. Alinipigia simu tu akasema amekwenda kuuliza vipimo vya kutoa figo vinaanzaje, na nisijaribu kumbishia kwa sababu ameshaanza. Ilichukua miezi. Damu ilikubaliana, tishu zikakubaliana, moyo wake ukapimwa, mkojo wake ukapimwa, akazungumzishwa na mshauri peke yake bila mimi ili wahakikishe hajalazimishwa. Alirudi akicheka. "Ameniuliza kama ulinitisha. Nikamwambia huyu? Huyu namtisha mimi."

Hayo yote sikumwambia mama wa dirishani. Kila Jumanne nilisema nitamwambia Ijumaa. Nilijua hali yake. Alikuwa na watoto watatu. Wa kwanza ana presha kama yeye, daktari alimkataa palepale. Wa pili alikuwa ananyonyesha, na mama mwenyewe alikataa hata kumsikiliza. Wa tatu alisema hawezi. Hakumsema vibaya. "Ana woga," aliniambia siku moja, "na mwili ni wake." Yeye alikuwa ameshakaa kwenye mashine miaka mitatu kabla yangu.

Basi nilinyamaza, na ikatokea kama inavyotokea. Sista mdogo, mwenye furaha zake, aliingia Jumanne moja akaniambia kwa sauti mbele ya wote, "Hongera! Nimesikia umepata tarehe!"

Mama aliniangalia. Alisema, "Hongera, baba," kwa adabu kabisa. Kisha akaweka simu yake kwenye mkoba, akafumba macho, na hakucheza siku hiyo. Nami sikucheza. Zile saa nne zilikuwa ndefu kuliko za siku ya kwanza. Wakati wa kutoka aliondoka kabla yangu, akaita bodaboda mlangoni bila kunisubiri tuagane.

Ijumaa nilifika mapema. Nilikuwa nimejipanga maneno. Hakunipa nafasi.

"Nilikasirika," alisema, sista akiwa bado anamfunga plasta. "Nataka ujue, sitaki kujifanya. Nilifika nyumbani nikakataa chakula. Nikamkasirikia dada yako na simjui. Jumatano nikakasirika pia. Jana nikachoka."

"Ningekuambia mapema, Mama. Pole."

"Ungeniambia mapema ningekasirika mapema. Ni sawa tu." Akatoa simu. "Umefika ngapi?"

"Mia tisa na nane."

"Mimi elfu moja mia moja na arobaini. Hiyo hasira imenisaidia kitu."

Siku zilizobaki tulicheza kuliko wakati wowote. Alinifundisha jambo moja ambalo naamini alikuwa amelificha makusudi. Mchezo unaruhusu kusimamisha saa. Mimi nilikuwa nikisimamisha wakati wa kuchora laini mpya tu. Yeye alisimamisha kila baada ya muda mfupi, hata kama hakuna shida, akapitisha macho kituo kwa kituo kuanzia juu kushoto kama anayesoma ukurasa, kisha akaendelea. Hakuna ujanja mwingine. Nilimuuliza mbona hakuniambia tangu mwanzo. Akasema, "Ningekuambia, ungenishinda."

Upasuaji ulifanyika Nairobi. Wa dada ulitangulia, wangu ukafuata. Sina mengi ya kueleza kuhusu siku yenyewe kwa sababu nililala. Ninachokumbuka ni kwamba siku ya tatu walimleta dada yangu kwa kiti cha magurudumu hadi mlangoni pangu, hawakumruhusu aingie, akaangalia mfuko wa mkojo ulioning'inia kando ya kitanda changu. Ulikuwa umejaa. Kwa karibu miaka miwili nilikuwa sikojoi zaidi ya vijiko. Dada yangu, mwalimu, mtu wa kanisani, alipiga makofi.

Baada ya hapo ni nyumbani, miezi ya dawa za kuzuia mwili usiikatae figo. Dawa hizo zinashusha kinga, kwa hiyo hakuna kanisa, hakuna soko, hakuna hospitali isipokuwa kliniki yangu. Sikuweza kwenda Thika kumwona mama wa dirishani. Tukafanya hivi: Jumanne na Ijumaa, akishawekwa kwenye mashine, ananitumia jina la mji, na mimi huku Gatong'ora nacheza mji huohuo. Saa sita tunatumiana picha ya ramani na alama. Anatuma pia sauti, kwa sababu kuandika kwa mkono mmoja kunamchosha. Ninazo sauti nyingi. Katika moja anasema, "Leo nimepata elfu moja na mia nne, nimejenga mambo ya ajabu, utacheka." Nyuma yake inasikika mashine ya mtu ikilia na sista akikimbia kwa viatu vya plastiki.

Nilitegemea kwamba nikiwa na mikono miwili, sofa yangu na muda wote wa dunia, ningempita. Nilijaribu mbinu zake moja moja, kisha nikazichanganya na miduara yangu. Mduara mmoja wa nje, laini fupi za kuukata ndani, makutano matatu yaliyo mbali, treni moja imesimama pembeni. Mbinu hiyo ilinifikisha elfu moja mia sita na ishirini, ndiyo rekodi yangu hadi leo. Nilimtumia picha nikiwa nimejaa furaha. Akajibu kwa sauti, akicheka mpaka akakohoa: kumbe wiki iliyopita alikuwa amefika elfu moja mia tisa na kitu, akaninyima habari ili nisikate tamaa.

Mwezi wa nane daktari aliniruhusu kutoka. Nilimtembelea nyumbani kwake, si hospitalini. Kumbe naye anaishi Ngoingwa, njia mbili kutoka kwa dada yangu, na tulikuwa hatujawahi kuulizana. Nikaenda na dada. Nilikuwa na wasiwasi na mkutano huo. Mama alimshika dada mkono kwa mikono yake miwili, akauacha, akamwambia aketi. Alitutengenezea chai ya maziwa na mukimo wa viazi na mahindi. Sisi tulijaziwa vikombe. Chake kilikuwa kifuniko cha thamosi. Dada aliona, akasitasita na kikombe.

"Kunywa, mwalimu," mama alimwambia. "Ukiacha hiyo chai sitaongezewa mimi."

Dada akanywa. Waliongea juu ya shule, juu ya bei ya mahindi, juu ya mchungaji ambaye wote wawili hawampendi. Mchezo haukutajwa hadi tulipokuwa mlangoni, dada akauliza nini hasa kinachotufurahisha na vidoa vile. Mama akamwonyesha. Dada alicheza dakika kumi akafikisha abiria themanini, akarudisha simu. "Hii ni kazi," alisema. "Nina kazi."

Sasa nimerudi ofisini. Nachora ploti kama zamani. Nameza dawa saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Figo ya dada inafanya kazi, na yeye ana moyo wa kunipigia kila Jumapili kuuliza, "Inaendeleaje?" bila kutaja nini. Mama bado yuko kwenye mashine, mwaka wake wa sita. Binti yake aliyekuwa ananyonyesha sasa amemwachisha mtoto na amesema anataka kupimwa; mama anasema watazungumza, na kila nikimuuliza anabadilisha habari. Sijui wataamua nini.

Jumanne iliyopita alituma mji wenye visiwa. Mimi nilipata mia nane na sitini, kati ya simu mbili za ofisi. Yeye alipata mia tisa na kitu. Alisema kuna sista mpya aliyemchoma vibaya, mkono umevimba na mashine ilisimamishwa mara mbili. Nikamwandikia apumzike, tutacheza Ijumaa. Baada ya dakika tano akatuma jina la mji mwingine.